Mkono wa Mgeni Rasmi Haurudiwi

Mwenye kunywa chai na anywe, mwenye kuchambua mchele na achambue. Mambo haya hayamtaki mtu aache kazi yake. Yalitokea katika nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwa kuogopa, la. Jina lenyewe lilikuwa bado halijazinduliwa. Lilichongwa vizuri kwenye jiwe la marumaru, likafunikwa kitambaa cha kijani pale kwenye mzunguko wa barabara, na mgeni rasmi wa kulifunua alikuwa bado hajapata nafasi. Kwa hiyo watu wa huko wakiulizwa wanatoka wapi, walijibu "kwetu," na mambo yakaenda.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria moja iliyozimeza nyingine zote: kitu kisichozinduliwa hakipo. Bomba likijengwa likatoa maji, tena maji matamu, lakini utepe haujakatwa, basi bomba hakuna, na mwanamke anayekutwa na ndoo pale anakamatwa kwa kuchota mahali pasipokuwepo. Daraja la mto mkubwa lilikaa misimu kadhaa ya mvua likiwatazama watu wanavyovuka majini chini yake, nguo kichwani, mtoto mgongoni. Choo cha soko kuu nacho... basi, hayo ya choo tuyaache, kuna watu wanakula.

Sheria hiyo ilikuwa na mdogo wake, na kama kawaida ya wadogo, ndiye aliyekuwa mkorofi zaidi: mkono wa mgeni rasmi haurudiwi. Mgeni rasmi akipanda mti, mti ukalala ubavu, haunyanyuliwi, maana kuunyanyua ni kusema Mheshimiwa hajui kupanda. Akiweka jiwe la msingi upande, nyumba nzima inajengwa upande. Ilikuwepo shule moja ambayo watoto wake wote waliandika herufi zilizolala, na mkaguzi alipouliza akaambiwa, madawati ndivyo yalivyo, ndugu mkaguzi, yanafuata msingi.

Bi Mashavu alizaliwa na sheria hizo, akaolewa nazo, akafiwa na mume nazo. Alikuwa amezizoea kama mtu anavyozoea jino bovu: hatafunii upande huo. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya kiwanja cha ndege, mahali ambapo ndege zikipaa bati linatetemeka, na kwenye ua wake palikuwa na chupa za achari ya ndimu zimeanikwa juani, nyingine changa bado za kijani, nyingine zimeiva zimekuwa kahawia kama ngozi ya viatu. Achari hiyo ndiyo iliyomsomesha mwanawe wa pekee, Mbaruku, mpaka akawa rubani. Watu walipomwambia, "Hongera Bi Mashavu, mwanao anaruka," yeye alijibu, "Kuruka si kazi. Nasubiri ashuke."

*

Siku hiyo ndege ndogo ya Wizara ya Anga, Barabara na Mengineyo ilikuwa imetoka kwenye matengenezo. Ilikuwa ndege ya injini moja, na panga moja puani kama pangaboi la hotelini. Injini ilifumuliwa, ikaoshwa, ikapangwa upya, ikatiwa oili mpya ya rangi ya asali. Mafundi walifanya kazi yao, tusiwasingizie. Kilichobaki ni nati moja tu, ile ya chini ya injini inayozuia oili isimwagike. Hiyo iliachwa makusudi imeshikia ukingoni, kwa sababu Hafla ya Kufunga Injini haiwezi kufanyika kama hakuna cha kufunga.

Bi Mashavu alialikwa kama mama wa rubani. Akawekwa nyuma ya hema, pale kivuli kinapoishia, kwenye kiti cha plastiki kilichokatika mguu mmoja kikaegeshwa kwa tofali. Aliona yote. Aliona Waziri, Mheshimiwa Dokta Injinia Kibwana Mapambio, akishuka garini, bendi ikipiga, wanawake waliokodiwa wakipiga vigelegele. Aliona spana ikiletwa imelazwa juu ya mto wa mahameli, spana kubwa, imepakwa rangi ya dhahabu. Ilikuwa kubwa kuliko nati, lakini spana ya saizi ya nati ilijaribiwa siku ya mazoezi ikaonekana haitoki vizuri kwenye picha.

Waziri akainama. Akazungusha spana hewani, kuizunguka nati, bila kuigusa. Akatabasamu kamera za kushoto, akatabasamu za kulia. Makofi.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Tukisema tumefunga, tumefunga! Wenzetu ng'ambo, injini zao hufungwa na mafundi, watu ambao hata majina yao hayajulikani. Hapa kwetu injini inafungwa na Serikali!"

Watu wakashangilia. Bendi ikapiga. Katikati ya kelele hizo Bi Mashavu akamwona Fundi Ligoha, mkuu wa mafundi, mtu mwembamba ndani ya ovaroli pana, anaisogelea ndege kwa ubavu kama kaa, na mkononi ana spana ndogo. Afisa Itifaki akamdaka kiwiko, karibu kabisa na kile kiti chenye tofali.

"Unakwenda wapi, Ligoha?"

"Naipa mzunguko mmoja tu, bosi."

"Mzunguko wa nini?"

"Wa kukaza."

"Kwani Mheshimiwa amefanya nini pale?"

Fundi Ligoha akaitazama nati. Akamtazama Afisa Itifaki. Akatazama chini, alikokuwa anatazama miaka yote ya utumishi wake.

"Amekaza."

"Basi rudisha hiyo spana mfukoni kabla haijakuweka ndani."

Spana ikarudi mfukoni. Bi Mashavu akaona. Akasema moyoni, mafundi wanajua wenyewe. Akachukua soda yake aliyopewa, ambayo ilikuwa ya moto, akanywa.

*

Asubuhi yake Mbaruku alikunywa chai amesimama.

"Mama, kuna tone la oili chini ya ndege. Nimemwonyesha Fundi."

"Anasemaje?"

"Anasema ni jasho. Injini mpya huwa inatoka jasho."

"Jasho la nini, na haijakimbia?"

Mbaruku akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuuliza swali hilo hilo akajibiwa vibaya. "Nimeomba niikaze mwenyewe. Afisa Itifaki kaniuliza kama nina ugomvi na Serikali."

"Usiende basi."

"Nisipokwenda nitakuwa nimesema haikukazwa. Safari yenyewe fupi, mama. Napeleka kiti tu."

Kiti hicho ni cha mgeni rasmi. Katika nchi ile mgeni rasmi hakalii kiti cha watu. Kiti chake humtangulia kila aendako, kiti kikubwa chekundu, mikono ya kuchonga, na kina mlinzi wake. Waziri alikuwa anakwenda wilaya ya mbali kuzindua zahanati. Palikuwa na muuguzi aliyekuwa apande na maboksi ya dawa za zahanati hiyo, lakini kiti kilipoingizwa nafasi ikaisha, muuguzi akateremshwa, maboksi nayo yakateremshwa. Muuguzi akalia, maana safari ya basi ni ndefu na mbovu. Alilia bure, maskini. Kiti kikafungwa mkanda. Mlinzi wa kiti akakipigia saluti akabaki chini, kwa kuwa naye nafasi yake haikuwepo.

Bati la Bi Mashavu likatetemeka, ndege ikapita juu, akainua uso akaiona tumbo. Akarudi kwenye ndimu zake.

Habari alizipata redioni, anakata vitunguu.

"Kwa masikitiko makubwa," redio ikasema, na muziki wa huzuni nyuma yake, "Wizara inatangaza kwamba kiti cha mgeni rasmi kimepatwa na mkasa angani na kimevunjika mguu wa nyuma wa kushoto. Waziri ametuma salamu za pole. Helikopta imekwisha kukichukua na hali yake inaendelea vizuri. Hakuna mtu mwingine yeyote wa maana aliyeumia."

Bi Mashavu akaweka kisu chini. Alikaa akilisikiliza lile neno, wa maana. Kisha akajifunga kanga nyingine juu ya ile aliyovaa na akatoka, vitunguu akaviacha wazi kwenye ungo, jambo ambalo katika maisha yake hakuwahi kulifanya.

*

Oili ilimwagika yote njiani. Injini ikakauka, ikalia, ikakwama, na panga likasimama mbele ya macho ya Mbaruku, limenyooka tuli kama kidole kinachosema ngoja. Akaileta ndege chini kwenye shamba la mtama kwa ufundi wake na kwa dua za mama yake. Mtama ukalala, bawa moja likabaki kwenye kichuguu, na paja la Mbaruku likavunjika. Helikopta ilipokuja ikakichukua kiti. Mbaruku alichukuliwa na wenye shamba, juu ya kitanda cha kamba, wakapokezana mpaka barabarani.

Bi Mashavu alimkuta hospitali ya mkoa. Mguu umefungwa hogo zito la plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni. Mguu wa pili, ule mzima, umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, na askari amekaa pembeni.

"Shikamoo mama," askari akasema, maana alikuwa na adabu.

"Marahaba, mwanangu. Mtu mwenye mguu mmoja unamfungia pingu ili iweje?"

"Ule uliovunjika ndio tulioagizwa tuufunge, mama, ila plasta imezidi pingu."

"Kakosa nini?"

Askari akakohoa, akasoma kwenye kiganja alikokuwa ameandika asije akasahau. "Kushuka bila idhini. Kukivunja kiti. Na kuutukana mkono wa mgeni rasmi kwa vitendo. Hilo la tatu ndilo baya, mama. Hilo wanakaa ndani mpaka wanasahauliwa."

Bi Mashavu akamfungulia chupa ya achari askari, akamwekea kando ya wali, na askari akasogea mpaka dirishani kula, akawaachia nafasi ya kuongea. Mbaruku akamshika mama yake mkono.

"Mama, ni nati."

"Najua. Niliona."

"Basi waseme nati. Sitaki kingine. Wakisema nati, hata wakinifunga, mafundi watapewa ruhusa ya kukaza. Ndege ya pili inaingia matengenezo wiki ijayo, na anayeirusha ni Tausi."

Tausi alikuwa binti wa Bi Kilua, jirani wa ukuta mmoja na Bi Mashavu. Alikulia ua ule ule, akila ndimu kwenye chupa kabla hazijaiva, mpaka naye akawa rubani kwa kumwiga Mbaruku.

"Wataniita mimi kutoa ushahidi," Bi Mashavu akasema. "Wameniambia pale nje."

"Basi sema nati, mama. Wewe mtu mzima. Watamfanya nini mtu mzima?"

Bi Mashavu akamfuta mwanawe jasho. Alijua wanachoweza kumfanya mtu mzima.

*

Tume ya Uchunguzi haikuweza kuanza mpaka izinduliwe, na mgeni rasmi wa kuizindua akawa Waziri Mapambio mwenyewe, maana mambo ya anga ni yake. Akakata utepe. Akawaambia wajumbe wachunguze bila woga wala upendeleo, akawatazama mmoja mmoja kwa muda wa kutosha, akaketi mbele kabisa. Alikalia kiti kingine, lakini kile chekundu kililetwa nacho, mguu umefungwa bandeji, kikawekwa upande wa walalamikaji.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Jaji mstaafu Mtagwaba, mzee mwenye kope nzito, ambaye alikuwa amestaafu mara nyingi na kila mara akarudishwa. Bi Mashavu alimtazama akaona kwamba naye amechoka. Hilo likampa moyo kidogo, na kidogo likamvunja.

Fundi Ligoha akaitwa.

"Nati ilikuwa imekazwa?" Jaji akauliza.

"Ilikazwa, Mheshimiwa, kwa kiwango cha heshima."

"Kiwango cha heshima ni kipi?"

"Ni kile ambacho hakiongezwi."

"Nani aliikaza?"

"Ilikazwa, Mheshimiwa."

"Nauliza na nani."

"Ilikazwa na hafla."

Waziri akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jaji akasema shahidi ni mkweli, ashuke.

Akaja mtaalamu wa hali ya hewa, akaeleza kwamba hewa ya eneo lile ilikuwa imechoka kwa kubeba mambo mengi ya maendeleo. Akaja mtaalamu wa kilimo, akasema mtama wa pale ulikuwa mrefu kuliko mtama wa kawaida, hivyo ardhi iliwahi kumfikia rubani kabla rubani hajawa tayari. Mjumbe mmoja akauliza kama mtama huo ulikuwa umezinduliwa. Haukuwa. Basi ushahidi wa mtama ukafutwa. Kila baada ya shahidi chai ilipita, na sambusa, na kwa kuwa sambusa zilikuwa nzuri, mashahidi waliongezwa. Siku zikapita hivyo. Bi Mashavu aliondoka nyumbani kila alfajiri, akakaa kwenye benchi la nyuma, akarudi jioni miguu imevimba. Mara mbili alilala pale pale benchini ameketi, akaamka, akakuta bado wanaulizana hewa huchoka upande gani.

Mwisho akaitwa yeye.

"Wewe ndiye mama wa mshitakiwa?"

"Ndiye mimi."

"Je, utotoni alikuwa na tabia ya kuanguka anguka?"

"Watoto wote huanguka, baba. Hata wewe ulianguka, ila waliokuona wamekwisha kufa."

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka Waziri yupo, wakanyamaza. Jaji akaficha mdomo kwa mkono.

"Una lolote la kusema kuhusu ajali?"

Hapo neno likamjia Bi Mashavu mdomoni, lile alilotumwa. Lilikuwa neno fupi, la silabi mbili. Akalishika ulimini. Akamtazama Waziri, akakitazama kile kiti na bandeji yake, akamtazama Fundi Ligoha aliyekuwa ameinama. Alikuwa amechoka mno, jamani. Uchovu ule wa mtu aliyesubiri bomba, akasubiri daraja, akasubiri hata jina la nchi yake. Katika uchovu huo likamtoka swali, wala hakulipanga. Alitaka tu kujua atakwenda nyumbani lini.

"Nina swali moja, waheshimiwa. Hii ajali aliizindua nani?"

"Unasemaje?"

"Nauliza tu, mimi shule yangu ya msingi. Tangu nizaliwe nasikia kitu kisichozinduliwa hakipo. Mabomba hayapo. Madaraja hayapo. Sasa ajali hii nimekaa nasubiri hapa kila siku, sijaona utepe wake. Kama imezinduliwa, mtuambie mgeni rasmi alikuwa nani, alishika nini mkononi, na aliizindulia wapi. Kama haikuzinduliwa, mwanangu amefungwa pingu kwa jambo ambalo halipo."

Wajumbe wakatazamana. Kila mmoja akaona ile spana ya dhahabu kichwani mwake, na kila mmoja akaona mwenzake anaiona. Afisa Itifaki akaanza kutoka jasho, na hilo halikuwa jasho la injini. Waziri Mapambio akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Mimi," akasema, "sijapata kuzindua ajali yoyote katika maisha yangu ya utumishi!"

"Hakuna aliyekutaja, Mheshimiwa," Jaji akasema polepole.

"Basi iandikwe hakuna aliyenitaja!"

Jaji Mtagwaba akazinyanyua zile kope zake nzito, akamtazama Bi Mashavu. Yale macho yalijua kila kitu.

"Mama," akasema. "Kabla Tume haijaamua. Una la kuongeza?"

Mlango ulikuwa wazi, basi, mbele yake. Angelisema lile neno, lingeingia. Lakini lingemfungia mwanawe mlango, kwa kuwa nati ikitajwa, ajali ipo. Ajali ikiwepo, Mbaruku yupo ndani yake. Na mkono wa mgeni rasmi ungetafuta mtu wa kuulipia. Bi Mashavu akalimeza. Alilisikia linavyoshuka, gumu, lenye pembe.

"Sina, baba."

Uamuzi ukasomwa kabla chai haijapoa. Tume iliona kwamba hakuna ajali iliyotokea. Ndege haikuanguka, ila imeahirisha safari. Kiti kilivunjika mguu kwa kutumikia taifa bila kupumzika, na kilipewa nishani pale pale, ikabandikwa kwenye mgongo wake. Fundi Ligoha alipongezwa kwa kutofanya lolote. Mbaruku aliachiwa huru, kwa kuwa hakuwa amekamatwa.

Watu wakampongeza Bi Mashavu, wakamshika mikono. Wengine walilia. Fundi Ligoha alipita karibu yake bila kumtazama, lakini alisimama, na midomo ikacheza kana kwamba ana la kusema. Akaenda zake.

*

Hospitali ilipata taarifa ya uamuzi haraka kuliko inavyopata dawa. Bi Mashavu alipofika akakuta daktari na msumeno mdogo analikata hogo la Mbaruku.

"Daktari, mfupa umeshaunga?"

"Mfupa upi, mama?" daktari akauliza, akatazama pembeni. Alikuwa kijana, bado anaona haya. "Nimeletewa maelekezo. Mtu ambaye hakuanguka hawezi kuwa amevunjika. Kitanda nacho kinatakiwa." Akainama karibu na sikio lake. "Mfunge vijiti ukifika nyumbani. Asikanyage. Mimi sijakwambia."

Askari aliyekuwa akilinda pingu akamsaidia kumbeba Mbaruku mpaka kwenye mkokoteni wa kubebea maji, bila kutumwa na mtu, na alipoondoka akamrudishia Bi Mashavu chupa ya achari imeoshwa.

Njiani, kila gurudumu lilipoingia shimoni, Mbaruku aliuma kanga ya mama yake. Walipofika ua wa ndimu ndipo akauliza, "Ulisema nati?"

"Nilisema nilivyoweza."

"Mama. Ulisema?"

"Uko nyumbani," Bi Mashavu akasema. "Wewe unataka nini kwangu, Mbaruku? Nilikuwa na neno moja na mtoto mmoja."

Mbaruku akageuza uso ukutani. Hakumtukana, hakumlaumu, ingekuwa afadhali angemlaumu. Bi Mashavu akamfunga vijiti pajani kwa vipande vya kanga yake nzuri, ile ya sikukuu.

Jioni akaenda kwa Bi Kilua. Alimkuta anapiga pasi kitenge, uso unang'aa.

"Karibu, shoga, karibu! Umesikia? Tumealikwa! Wiki ijayo wanaifunga injini ya ndege ya Tausi wangu, na mgeni rasmi ni yule yule Waziri. Nimeambiwa mama wa rubani anakaa mstari wa mbele."

Bi Mashavu akabaki mlangoni. "Bi Kilua, mwambie Tausi jambo moja. Kabla hajapanda, ipapase ile nati ya chini. Aipapase kwa mkono wake mwenyewe. Ikicheza, asiende."

"Nati gani tena?"

"Ile ya oili. Ndiyo iliyomwangusha Mbaruku."

Bi Kilua akaiinua pasi, akamtazama rafiki yake wa miaka yote kwa mshangao, na mshangao huo haukuwa na ubaya hata kidogo. Alikuwa amesikiliza redio, kama watu wote.

"Kwani Mbaruku alianguka?" akauliza. "Si wewe mwenyewe uliyekwenda kusema hakuna ajali?"

Bi Mashavu akafungua mdomo. Akasema usiku mwema ingawa jua lilikuwa bado halijazama, akarudi kwake.

Hafla ilifanyika, vigelegele vikasikika mpaka ua wa ndimu. Asubuhi iliyofuata bati likatetemeka. Bi Mashavu alikuwa anageuza chupa juani, akaacha. Mbaruku, aliyekuwa amelala ndani, akajiinua kwa viwiko kumsaidia kusikiliza. Wakasikiliza wote wawili ule mlio unavyokwenda, juu ya kiwanja, juu ya soko, juu ya mto, kama mtu anavyosikiliza kikohozi cha mtoto wa jirani usiku. Ukapungua. Ukawa mwembamba. Ukaisha wenyewe mbali, polepole, kama mlio unavyotakiwa kuisha.

"Umeisha vizuri," Mbaruku akasema kutoka ndani. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwa mama yake tangu alipogeuza uso ukutani.

"Umeisha vizuri leo," Bi Mashavu akasema, na akavuta kigoda akakaa pale pale uani, kwa sababu Tausi angerudi saa za mchana, na kesho angepaa tena.